Mtu Aliyefichwa Mulongwe

Mulongwe, Uvira
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kwa Bwana Eugène,
Mratibu wa Kamati ya Kuzuia Ugaidi

Bwana Mratibu,

Mtu mnayemtafuta ndani ya nyumba yangu ni mimi.

Nimeanza na hilo ili usipoteze muda. Naitwa Mwamvua, mjane wa Nasoro, muuza vitenge wa soko la Mulongwe. Unanijua. Mama yako Élisabeth akishuka kutoka Kiringye lazima apite kwenye meza yangu, na ulipooa, vitenge vya ukoo wenu vilitoka kwangu. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu anayejuana nawe. Sikuandikii kuomba huruma.

Mume wangu alifariki mwishoni mwa mwezi wa tano. Tangu hapo nimekaa eda. Kwetu Waislamu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila sababu kubwa, hajipambi, na mwanaume asiye ndugu yake haingii alipo. Mimi niko chumba cha nyuma. Jiko liko uani, na ua tunachangia na wapangaji, kwa hiyo wifi yangu Mapendo akishapika ananiletea sahani mpaka mlangoni, nami natoa mkono nyuma ya pazia naipokea. Ndiyo siri yote ya nyumba hii.

Jana asubuhi askari wako walikuja kumtoa nje kila mkaaji wa mtaa. Mwanangu Nourdine alisimama kwenye mlango wangu. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia taratibu, "Mama iko mu eda. Mwanaume haingie huku. Leteni mwanamuke, ataingia, ataangalia vyote." Hawakusikia habari ya mwanamke. Walisikia tu kwamba kuna mlango hawaruhusiwi, wakambeba yeye. Waliingia hivyo hivyo, wakanikuta nimejifunika gubigubi kitandani, na mkubwa wao akaona haya akawatoa. Ila Nourdine hawakumshusha kwenye gari.

Mpaka sasa hakuna aliyetuambia yuko wapi. Nimepiga ile namba ya kamati mliyobandika sokoni. Kumbe inapokea habari tu, haitoi.

Naomba mambo mawili. Mrudishe mwanangu. Na kama mnataka kunihesabu, mlete mwanamke anihesabu.

Mimi,
Mwamvua, mama Nourdine


Uvira, ofisi ya Kamati
Jumanne, 6 Agosti 2024

Mama Nourdine,

Pokea pole zangu kwa msiba wa mzee Nasoro. Alikuwa mtu wa watu, na mama yangu alilia alipopata habari.

Mwanao yuko kwetu, kwenye kituo cha kamati, na yuko salama. Ungepaswa kuambiwa siku ileile, hilo nakubali. Lakini mengine sikubali, na nitakueleza wazi kwa sababu nawe umeandika wazi.

Tulipata simu. Mtu alituambia kwamba katika nyumba yenu kuna mtu asiyetoka nje kamwe, analishwa nyuma ya pazia, na hakuna jirani aliyemwona uso. Askari walipofika wakakuta kijana anazuia mlango wa chumba hichohicho. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Ungemwambia asante, samahani kwa usumbufu?

Agizo letu linasema kila mtu mzima asimame mbele ya ofisa, uso wazi, kitambulisho chake, karte ya uchaguzi, mkononi. Halisemi Mwislamu wala Mkristo. Mimi ndiye niliyepigania lisiseme. Wapo wakubwa waliotaka tuanze na watu wenye majina kama yenu, nikakataa, nikasema wote au hakuna. Sasa nikifungua mlango mmoja kwa sababu ya mila, kesho kila mwenye la kuficha atakuwa na mila.

Pengine hujui kwamba dada yangu Olive alikufa kanisani kule kaskazini, siku bomu lilipolipuka katikati ya ibada. Aliyeliweka alikuwa amekaa wiki nyingi katika chumba cha nyuma cha familia inayoheshimika. Majirani walijua kuna mgeni. Walinyamaza kwa sababu ya adabu, hawakutaka kuchungulia nyumba ya watu. Nilikwenda kumchukua Olive nikapewa mfuko mwepesi. Tangu siku hiyo mimi na mapazia hatupatani.

Nimemuuliza shehe wenu. Amenihakikishia kwamba mjane anaruhusiwa kutoka eda ikiwa kuna dharura. Basi njoo, hata ukiwa na ndugu zako wote. Itakuwa kazi ya dakika chache, na Nourdine mtarudi naye. Usipokuja, Jumamosi faili lake litapanda Bukavu pamoja naye, na huko mimi sina neno tena.

Eugène,
Mratibu


Mulongwe, Uvira
Jumatano, 7 Agosti 2024

Bwana Mratibu,

Nimesoma habari ya Olive nikaweka barua chini. Nilimjua. Alikuwa hanunui kitenge mpaka akigeuze mara tatu juani, na siku zote aliishia kuchukua kile cha kwanza. Mungu ampumzishe. Sitasema neno lolote la kupunguza uchungu wako, na sitaki uwaache wauaji wa dada yako wapite Uvira wakichekelea. Hapo tuko pamoja. Usinihesabu upande wa pili.

Sasa tuje kwenye dharura. Shehe alifika jana, akakaa ukumbini, tukazungumza pazia likiwa katikati. Amenisomea ruhusa hiyohiyo aliyokusomea wewe. Nikamuuliza, dharura ni nini? Akasema, ni pale ambapo njia nyingine zote zimefungwa. Nikamwambia, basi haijafika. Njia ipo. Bwana Eugène hajaitazama tu, kwa uvivu.

Usikasirike, bado sijamaliza. Unapajua Kavimvira, pale mpakani. Nimevuka pale kwenda Bujumbura miaka na miaka, na kila safari nimepekuliwa. Ni nani ananipekua? Wanawake wa polisi, ndani ya kibanda, nyuma ya pazia. Hawana mchezo wale. Wanafungua mpaka leso ya kichwani, na kitenge ulichojizungushia kiunoni kukwepa ushuru watakivuta wakihesabu mikunjo. Hakuna mwanamke anayepita bila kuonekana, na hakuna anayevuliwa mbele ya wanaume. Nani alitundika lile pazia? Si Waislamu. Ni serikali yako. Basi serikali inayojua kupekua kwa adabu mpakani imesahau wapi adabu hiyo ilipofika Mulongwe, mwendo mfupi tu wa pikipiki?

Nourdine ameniletea neno kupitia kwa mjomba wake aliyempelekea chakula. Anasema, "Mama asitoke." Ni kijana wa Nasoro kweli. Ana wajomba watatu wanaopokezana getini kwenu, ana avoka wa kumtetea, na msikiti mzima unamuulizia. Naumia kwa ajili yake, naumia sana, sitakudanganya. Lakini simwoni kama mtu aliyetupwa.

Na nikuambie kwa nini nang'ang'ana. Nasoro alipougua nilimuuguza, alipokufa wanaume wakamwosha, wakambeba, wakamzika. Mimi mkewe sikubakiwa na kazi ila hii moja ya kukaa. Nimebeba mizigo ya vitenge juani miaka yote na sijui kukaa. Kukaa huku ni kazi ngumu kuliko zote, na namfanyia yeye. Namkumbuka kila siku, wakati wa chai hasa. Siwezi kuikata katikati kwa sababu ofisi haikufikiria kumtuma mwanamke.

Nilitaka kukuuliza ni nani alipiga simu ile. Nimeghairi, usiniambie. Nina majirani wazuri nami nitawahitaji nikitoka. Nimepata hata mpya, ng'ambo ya ukuta, mkimbizi wa bondeni mwenye mtoto mchanga. Sijawahi kumwona. Anaimba nyimbo za kanisa akitwanga majani ya sombe, na mimi humu ndani ndiyo redio yangu.

Mwamvua


Uvira, ofisi ya Kamati
Alhamisi, 8 Agosti 2024

Mama Nourdine,

Nimekwenda Kavimvira mwenyewe kuliona pazia. Ni kitambaa cha buluu kilichochakaa, na wanawake wale wanafanya kazi kuliko kikosi changu kizima. Nilisimama pale nikiona aibu, na sisemi hivyo mara nyingi.

Nilirudi nikamwambia kanali anayewaongoza kwamba tunataka kumwazima mmoja wao. Akaniuliza kama siku hizi nafanyia kazi msikiti. Nikamjibu nafanyia kazi Jamhuri iliyotundika pazia lile. Akasaini.

Kesho kabla ya sala ya Ijumaa atakuja kwako ofisa anayeitwa Annie. Ataingia peke yake. Atakupiga picha uso wazi, ataangalia chumba, kila pembe, na utamwacha aangalie. Picha yako itawekwa kwenye bahasha itakayofunguliwa na wanawake tu. Akitoka akaniambia chumba ni safi, Nourdine anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Tena nimeandika nyongeza kwenye agizo: mwanamke akaguliwe na mwanamke, na asiyeweza kutoka afuatwe alipo. Nimeipeleka Bukavu, wakubali au wakatae. Usidhani nimelegea. Bado kila uso wa Uvira nitauona, isipokuwa huo wako, ambao Annie atauona kwa niaba yangu.

Eugène


Mulongwe, Uvira
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Bwana Mratibu,

Annie alikuja. Mwanamke wa kazi! Alichungulia chini ya kitanda, akazamisha mkono kwenye pipa la mchele, akapapasa godoro lote, akauliza dawa za marehemu zilikuwa za nini. Nilimwambia akimaliza na ugaidi nitamwajiri sokoni. Alicheka, akanywa chai, akaniaga kwa heshima. Hivyo ndivyo watu wanavyohesabiwa.

Nourdine alifika kabla ya magharibi. Nimemshika kichwa kama mtoto mdogo na hakukataa. Asante. Nimeiandika mapema kwa sababu linalofuata si asante.

Uliniandikia yuko salama. Mwanangu hasikii sikio la kushoto. Usiku wa kwanza askari mmoja alimpiga kibao kimoja baada ya kingine, akimwambia ataje jina la mtu aliye chumbani. Alitaja. Alisema, "Ni mama yangu." Walimpiga kwa jibu hilo, Bwana Eugène, na lilikuwa kweli. Kama angekuwa dhaifu zaidi angewatajia jina lolote wanalolitaka, nanyi mngekwenda kuvunja mlango wa mtu mwingine, na mwenye bomu lake angekuwa anakula samaki wa ndagala kwa raha zake ufukweni. Sikudai huruma barua ya kwanza na sidai leo. Nataka aliyempiga aitwe, aulizwe, ajibu. Umenirudishia mtoto bila sikio.

Sina shaka utafanya. Mtu aliyekwenda kutazama pazia kwa macho yake anaweza kutazama na hili.

Hapa nyumbani tumetulia, ila redio yangu imezimika. Yule mama wa ng'ambo ya ukuta haimbi tangu Jumamosi. Mapendo anasema mlango wake una kufuli, na mtoto wake analia kwa wapangaji wenzake. Labda amefuata mihogo yake bondeni, ingawa sielewi mama gani anaacha mtoto wa kunyonya. Nimepeleka uji.

Mwamvua


Uvira, ofisi ya Kamati
Jumanne, 13 Agosti 2024

Mama Nourdine,

Niliposoma habari ya sikio nilimwita mkuu wa kituo palepale. Alikana, kisha akakubali. Askari huyo amevuliwa silaha na leo asubuhi amefikishwa kwa mwendesha mashtaka wa jeshi. Nilikuandikia yuko salama kwa sababu niliambiwa hivyo na nikaridhika. Sitaridhika hivyo tena. Gharama za daktari wa Nourdine ni juu ya kamati.

Na sikuishia kwa askari. Haki lazima ikate pande zote, la sivyo watu watasema tunawaadhibu wenye sare tu. Ile simu iliyoanzisha haya yote haikubaki bure. Tumemtafuta aliyepiga, na tangu Jumamosi tunaye. Ni huyo jirani yako, Apollinarie, mkimbizi. Natumaini sasa utaona kwamba kamati hii haichezewi na mtu yeyote, awe na bunduki au simu. Anayemsingizia jirani ugaidi atalipa. Yeye anatoka Kiringye, kwetu, watu wa mama yangu, na hata hivyo sikumpendelea.

Nimemhoji mwenyewe. Anasema alihamia mtaani baada ya mazishi na hakujua habari za eda. Kwao mjane hukaa nje kwenye mkeka, watu wanakuja, analia nao, kila mtu anamwona. Maneno yake niliyaandika: "Niliona mukono inatoka, inashika sahani, inarudia. Mwenye mukono sikumuona hata siku moja. Kwetu ndiyo vile walianzaka." Huko bondeni wauaji waliokuwa wamefichwa hivyohivyo waliwaua watu wa nyumba yake wote, akabaki na mtoto huyo. Inasikitisha, lakini kosa ni kosa.

Faili lake linapanda Bukavu Alhamisi saa sita mchana. Kwa utaratibu tu nakujulisha kwamba sheria inampa aliyesingiziwa nafasi ya kusamehe, ila lazima afike mwenyewe mbele ya ofisa na kutamka. Barua haitoshi, wakili hatoshi, wala mwana. Annie amepelekwa mafunzoni mpaka wiki ijayo, na ofisa anayepokea matamko hatoki ofisini. Najua msimamo wako kuhusu kutoka, nami nauheshimu, kwa hiyo nahesabu jambo hili limekwisha.

Kaa kwa amani, Mama. Umeshinda.

Eugène


Mulongwe, Uvira
Jumatano, 14 Agosti 2024

Eugène mwanangu,

Leo sikuiti Mratibu, maana nataka kukugombeza na vyeo vinanizuia.

Nimeshinda nini? Umemfunga mtu aliyesema kweli. Aliona mkono, na mkono ulikuwepo. Ulikuwa huu ninaoandikia. Hakusema "Mwamvua ni gaidi." Alisema kuna mtu halafu hajulikani, jambo ambalo wewe mwenyewe uliandika ukutani sokoni kwa herufi kubwa, ukawaomba watu waliseme. Aliogopa, akapiga, akangoja serikali ije na akili. Serikali ikaja na vibao. Kosa lake liko wapi hapo?

La kwangu naliona. Mimi na Mapendo na mtaa mzima tulimwona mgeni amehamia, mtoto mgongoni, na hakuna aliyebisha hodi kumwambia, "Jirani, ndani ya nyumba hii kuna mjane, ukimsikia anakohoa usishtuke." Tulidhani kila mtu anazijua mila zetu. Hatuzijui hata za kwao. Mimi ningemwona mjane amekaa nje kwenye mkeka na wanaume wanapita mbele yake, ningesema hana haya.

Sasa fikiri kidogo kama mtu wa usalama, acha haki za binadamu pembeni kama zinakuchosha. Leo Uvira nzima inajua kwamba mama aliyepiga ile namba amelazwa rumande na maziwa yakimvuja kifuani. Kesho mtu akiona kweli chumba kama kile alichofichwa muuaji wa Olive, atapiga simu? Atafunga dirisha. Wale majirani wa kule walinyamaza kwa adabu. Wa hapa umewafundisha kunyamaza kwa woga, na umefanya kazi hiyo kwa siku chache tu, bila bomu hata moja.

Mwite huyo askari aliyempiga mwanangu, ahukumiwe. Hapo ulifanya sawa. Lakini usimweke kwenye mizani pamoja na mama huyu ili pande zako zionekane zimelingana. Yule alikuwa na bunduki na mtu aliyefungwa mikono mbele yake. Huyu alikuwa na hofu.

Nimetafuta njia kama nilivyokutafutia wewe. Nilifikiri nimtume Nourdine, umesema wala mwana. Avoka, hatoshi. Annie hayupo. Ofisa hatoki. Ndugu zake Apollinarie wangekuja getini kwenu kupokezana kama wajomba wa Nourdine, lakini wote wamezikwa. Mtoto wake, ambaye sasa tunaye hapa nyumbani, amekataa uji wetu tangu jana, anageuza shingo anatafuta ziwa. Nimemwita shehe tena nikamsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza saa ngapi nataka Mapendo aniitie gari.

Nililia, nikuambie ukweli. Nilibakiza wiki saba tu. Nimemwomba Nasoro radhi kwa sauti, humu chumbani, na kama namjua vizuri angeniuliza nimekawia nini.

Kesho asubuhi natoka. Nitakuja na Mapendo, na Nourdine, na mtoto huyu mgongoni kwangu. Nitatamka mbele ya ofisa wako lote analotaka nitamke, halafu nitarudi kumaliza eda yangu. Usiniandalie kiti. Nitasimama mpaka Apollinarie atoke.

Ila ushuke mwenyewe uje getini unionyeshe ni yupi kati ya wanawake mliowafunga. Sauti yake naijua, sura yake sijawahi kuiona.

Mama yako,
Mwamvua